Uigaji wa Saspensheni ya Basi kwa Michoro ya Bloku: Vigezo, Kikokotozi na Ingizo la Barabara kama Misingi ya Kuamini Matokeo

1.0 Utangulizi

Gari linapopita juu ya tuta, gurudumu hupanda kwanza na kwa haraka, kisha bodi hufuata kwa kuchelewa. Kazi ya saspensheni, yaani springi, shokapu na viungo vinavyoishikilia ekseli chini ya bodi, ni kuitenganisha miendo hiyo miwili kadiri inavyowezekana bila kuliacha tairi liruke na kupoteza mshiko wa barabara. Matakwa hayo hupingana. Springi laini humstarehesha abiria, lakini huliacha gari liyumbe kwenye kona na kuzama mbele dereva anapofunga breki. Springi ngumu hulituliza gari, lakini humfikishia abiria kila jiwe lililo barabarani. Mvutano huo, pamoja na uchache wa milinganyo inayohitajika kuueleza, umeifanya saspensheni kuwa mfano unaopendwa sana katika kufundishia uigaji wa mifumo ya mitambo na nadharia ya udhibiti.

Programu za uigaji kwa michoro ya bloku, kama vile Simulink ya kampuni ya MathWorks, au Xcos iliyomo ndani ya Scilab na ambayo hutolewa bure, zimeipunguza kazi ya kuandika programu ya kompyuta hadi kuwa kazi ya kuchora. Mtafiti huweka bloku, huziunganisha kwa mistari, hujaza thamani za vigezo, kisha huamuru uigaji uanze. Grafu hutokea baada ya sekunde chache. Tatizo ni kwamba grafu hutokea vilevile, nadhifu na yenye kushawishi, iwe vigezo vina maana ya kifizikia au havina, na iwe hatua ya ukokotoaji imechaguliwa kwa hesabu au imeachwa jinsi programu ilivyoipendekeza.

Suala hili lina uzito wa pekee katika tasnifu zinazopendekeza kidhibiti kipya cha saspensheni. Hitimisho la tasnifu za namna hiyo huwa ni ulinganisho: mfumo wenye kidhibiti umetulia mapema kuliko usio nacho. Iwapo mfumo wa kulinganishia ulikuwa dhaifu tangu awali, nafuu inayodaiwa kuletwa na kidhibiti huenda ingeletwa na shokapu ya kawaida. Makala hii inalidhihirisha jambo hilo kwa mfano mmoja unaojulikana sana, ikifuata njia nzima kutoka mlinganyo hadi grafu.

2.0 Modeli ya Robo ya Basi

Mfano unaochambuliwa ni wa saspensheni ya basi uliomo katika mafunzo ya udhibiti kwa MATLAB na Simulink, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Mafunzo hayo yako wazi kwa umma. Mfano wenyewe ni wa robo ya basi: gurudumu moja, pamoja na sehemu ya bodi inayobebwa na gurudumu hilo.

Modeli ina tungamo mbili zilizopangwa wima. Tungamo la bodi, m1, ni kg 2,500. Tungamo la gurudumu na sehemu ya ekseli, m2, ni kg 320. Kati yake kuna springi yenye ugumu k1 wa N/m 80,000 na shokapu yenye ufifishaji b1 wa N·s/m 350. Ufifishaji hapa una maana ya uwezo wa kifaa kuila nishati ya mtetemo na kuigeuza kuwa joto. Tairi nalo linawakilishwa kwa springi yenye ugumu k2 wa N/m 500,000 na ufifishaji b2 wa N·s/m 15,020. Kati ya bodi na gurudumu kumewekwa pia kitendeshi kinachoweza kutoa kani u kwa amri ya kidhibiti. Kimo cha uso wa barabara ni w. Mhamo wa bodi ni x1 na wa gurudumu ni x2, na yote hupimwa kutoka kwenye hali ya msawazo, yaani basi likiwa limesimama na kutulia juu ya springi zake.

Kwa kanuni ya pili ya Newton, milinganyo ya mwendo ni hii:

m1·x1″ = −k1(x1 − x2) − b1(x1′ − x2′) + u

m2·x2″ = k1(x1 − x2) + b1(x1′ − x2′) + k2(w − x2) + b2(w′ − x2′) − u

Alama moja ya mkwaju huonyesha kasi, na mbili huonyesha mchapuko. Msomaji ataona kwamba uzito wa basi haumo katika milinganyo hii. Haukusahaulika. Kwa kuwa mihamo inapimwa kutoka kwenye msawazo, uzito umekwisha kusawazishwa na mbinyo wa awali wa springi na tairi, hivyo pande mbili zimefutana. Ni urahisishaji halali, lakini una gharama inayojitokeza katika sehemu ya 6.0.

Lengo lililowekwa na mafunzo hayo ni kwamba basi likikutana na badiliko la ghafla la kimo cha barabara la sm 10, mtetemo wa bodi usizidi mm 5 kila upande, na utulivu urejee ndani ya sekunde 5.

3.0 Kutoka Mlinganyo hadi Mchoro

Wazo la kutatua milinganyo ya mwendo kwa kuunganisha bloku limetokana na kompyuta za analogi za karne iliyopita, ambamo bloku ya integrali ilikuwa saketi halisi ya umeme na mistari ya mchoro ilikuwa nyaya. Mantiki haijabadilika. Kila tungamo huhitaji bloku mbili za integrali zilizofuatana: ya kwanza hupokea mchapuko na kutoa kasi, ya pili hupokea kasi na kutoa mhamo. Kabla ya bloku ya kwanza kuna bloku ya kujumlisha, inayokusanya kani zote zinazolikabili tungamo, na bloku ya kuzidisha kwa 1/m. Kani zenyewe hupatikana kwa kurudisha nyuma mistari ya kasi na mhamo. Kani ya springi, kwa mfano, ni tofauti ya mihamo miwili ikizidishwa kwa k1. Hivyo mchoro hujifunga wenyewe kwa vitanzi vya mrejesho, na vitanzi hivyo ndivyo mlinganyo wenyewe.

Mahali penye makosa mengi ni alama za kutoa na kujumlisha. Kani ya springi hutokea mara mbili katika mchoro, mara moja kwa kila tungamo, na lazima iwe na alama zinazopingana kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton. Njia salama ni kuikokotoa mara moja tu, katika tawi moja la mchoro, kisha kuigawa kwa mistari miwili yenye alama tofauti. Mchoro unaoikokotoa kani hiyohiyo mara mbili mahali pawili hufanya kazi hadi siku mtafiti atakapobadilisha kigezo upande mmoja na kuusahau wa pili.

Integrali hupendelewa kuliko kinyume chake kwa sababu hulainisha ishara, ilhali kutafuta kasi ya badiliko hukuza kila mkwaruzo uliomo. Modeli ya basi, hata hivyo, inaidai kasi ya barabara, w′, kwa sababu ya ufifishaji wa tairi. Suala hilo linarejewa baadaye.

4.0 Hesabu ya Mkono Kabla ya Grafu

Modeli hii ni ya mstari na ina hali nne, basi tabia yake yote imo katika mizizi minne ya mlinganyo wake bainifu. Mizizi hiyo hupatikana ikiwa jozi mbili za namba changamano: −0.11 ± 5.25i na −23.98 ± 35.19i. Jozi ya kwanza ni mwendo wa bodi, na ya pili ni mwendo wa gurudumu. Sehemu ya kufikirika hueleza wepesi wa mtetemo. Sehemu halisi hueleza mtetemo unavyofifia.

Bodi, kwa hiyo, hutetema takribani mara 0.84 kwa sekunde. Hilo ni jambo la kawaida kwa gari la abiria lenye springi laini. Lisilo la kawaida ni sehemu halisi. Kwa kipimo kinachotumika mara nyingi, mtetemo huhesabiwa kuwa umetulia ukipungua hadi chini ya asilimia 2 ya ukubwa wake wa mwanzo, na muda huo hukadiriwa kwa kugawa 4 kwa sehemu halisi. Hapa jibu ni takribani sekunde 36. Basi lililopanda tuta moja lingeendelea kupanda na kushuka mara thelathini kabla ya kutulia. Fundi yeyote wa gereji angesema shokapu zimekufa, na angekuwa sahihi: kwa tungamo la kg 2,500 na springi ya N/m 80,000, shokapu ya N·s/m 350 hutoa uwiano wa ufifishaji wa 0.012 tu, ilhali saspensheni za kawaida husanifiwa kwa uwiano wa mara nyingi zaidi ya huo.

Uchunguzi wa karibu unafichua jambo la kushangaza zaidi. Kwa kuwa springi ya saspensheni na springi ya tairi zimefuatana, bodi inaposogea kwa mwendo wake wa polepole, sehemu ya asilimia 86 ya msogeo hutokea kwenye saspensheni na asilimia 14 kwenye tairi. Mchango wa kila kifishio katika kuituliza bodi hupatikana kwa kuzidisha ufifishaji wake kwa mraba wa sehemu hiyo. Shokapu huchangia N·s/m 260. Tairi huchangia N·s/m 286. Kwa maneno mengine, katika modeli hii zaidi ya nusu ya kazi ya kuituliza bodi hufanywa na mpira wa tairi wala si shokapu. Katika modeli nyingi za magari, ufifishaji wa tairi hupuuzwa kabisa au hupewa thamani ndogo sana ukilinganishwa na wa shokapu. Iwapo b2 itawekwa kuwa sifuri hapa bila kugusa kitu kingine, muda wa bodi kutulia utarefuka hadi takribani sekunde 77.

Haifai kuuhukumu mfano huo kwa kosa ambalo haukulikusudia. Uliandaliwa kufundisha usanifu wa vidhibiti, na kwa lengo hilo mfumo unaotetema sana ni mwanafunzi mzuri wa kurekebishwa. Kosa huanza pale vigezo vyake vinapohamishiwa katika tasnifu inayodai kueleza basi halisi.

5.0 Kikokotozi na Hatua ya Muda

Kompyuta haiitatui integrali kwa ukamilifu. Huikadiria kwa hatua ndogondogo za muda. Kanuni sahili kuliko zote ni ya Euler, ambayo huchukua kasi ya sasa na kuidhania kuwa haitabadilika hadi hatua inayofuata. Kanuni hii hubakia katika orodha za vikokotozi vya programu nyingi, na huwavutia watafiti wanaokusudia kuhamishia modeli kwenye kidhibiti kidogo cha kielektroniki.

Kwa mtetemo unaofifia polepole, kanuni ya Euler huongeza nishati ya uongo katika kila hatua. Kiasi chake kinaweza kukokotolewa. Kwa hatua h, sehemu halisi ya mzizi hupunguzwa kwa takribani h·ω²/2, ambapo ω ni sehemu ya kufikirika. Kwa bodi ya basi hili, hatua ya sekunde 0.001 huibadilisha 0.110 kuwa 0.096, na muda wa kutulia huonekana kuwa sekunde 42 badala ya 36. Hatua ya sekunde 0.005 huufanya uonekane kuwa takribani sekunde 98. Hatua ikivuka sekunde 0.008, alama hugeuka. Kwa sekunde 0.01, grafu huonyesha basi ambalo mtetemo wake unakua badala ya kufifia, ukiongezeka maradufu kila baada ya sekunde 25 hivi. Hakuna kitu katika springi wala shokapu kinachoweza kufanya hivyo. Nishati yote hiyo imetoka katika kikokotozi.

Inafaa kusisitizwa kwamba kikomo hiki hakikuwekwa na gurudumu, ambalo ndilo lenye mwendo wa haraka. Gurudumu lina ufifishaji mwingi katika modeli hii, na lingevumilia hatua ya hadi sekunde 0.026. Mazoea ya kuchagua hatua kwa kuangalia mwendo wa haraka kuliko yote hayatoshi pale mwendo wa polepole unapofifia kwa shida. Kanuni ya Runge-Kutta ya daraja la nne huondoa tatizo hili kwa hatua ileile ya sekunde 0.01. Jaribio la kuigawa hatua kwa mbili na kulinganisha grafu huchukua dakika moja, lakini matokeo yake hayaonekani mara nyingi katika viambatisho.

6.0 Barabara Inavyoingizwa Katika Modeli

Katika michoro mingi ya mfano huu, barabara huingizwa kwa bloku ya ngazi, ambayo kimo chake hubadilika kutoka sifuri hadi sm 10 papo hapo. Kisha ngazi hiyo hupitishwa katika bloku ya kutafuta kasi ya badiliko ili ipatikane w′. Ngazi kamili haina kasi ya badiliko yenye kikomo. Programu hutoa namba inayotegemea hatua ya muda: kwa hatua ya sekunde 0.001, kasi ni m/s 100, na kani ya tairi ni N milioni 1.5, kwa hatua ya sekunde 0.0001, kani hiyo ni milioni 15. Namba hizo hazina maana ya kifizikia. Chenye maana ni zao la kani na muda, ambalo ni N·s 1,502 katika hali zote mbili, na ambalo hulipa gurudumu kasi ya m/s 4.7 kwa mkupuo mmoja. Kikokotozi chenye hatua zinazobadilika kinaweza kuikadiria vibaya sindano hiyo nyembamba au kuiruka kabisa, na grafu ikabadilika pasipo mtafiti kujua sababu.

Tiba ni rahisi na haihitaji bloku mpya. Kani b2·w′ ikiishapita katika bloku ya integrali na kugawanywa kwa m2, huwa (b2/m2)·w. Kwa hiyo ishara ya barabara inaweza kuzidishwa kwa b2/m2 na kujumlishwa moja kwa moja baada ya bloku ya kwanza ya integrali ya gurudumu, ambapo tayari ni kasi. Mlinganyo ni uleule, na bloku ya kutafuta kasi ya badiliko huondoka mchoroni.

Suala kubwa zaidi ni iwapo ngazi ni barabara. Tuta lenye mgongo wa mviringo, lililofanyiwa majaribio nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Maabara ya Utafiti wa Usafiri na Barabara, lina urefu wa m 3.7 na kimo cha sm 10. Kimo ni kilekile cha ngazi ya mfano. Basi linalolipita kwa kilomita 30 kwa saa hulimaliza katika sekunde 0.44, na kasi ya juu kabisa ya w, iwapo mgongo utachukuliwa kuwa parabola, ni m/s 0.9. Kani ya ufifishaji wa tairi haizidi N 13,500 hivi. Ikilinganishwa na mamilioni yaliyotajwa juu, tofauti si ya kiwango cha usahihi, bali ni ya jambo linaloigwa. Tena tuta hushuka baada ya kupanda, ilhali ngazi hubakia juu. Na basi lina magurudumu ya nyuma yatakayolikuta tuta hilohilo baada ya muda unaotegemea urefu kati ya ekseli na mwendo wa gari, jambo ambalo robo ya basi haiwezi kulieleza. Kwa barabara mbovu isiyo na tuta moja bali mikwaruzo mingi, kiwango cha kimataifa cha ISO 8608 huainisha nyuso za barabara kwa madaraja kuanzia A hadi H, na ishara ya nasibu inaweza kutengenezwa kwa daraja lililochaguliwa.

Hapa ndipo gharama ya kuuondoa uzito inapodaiwa. Chukuliwa kuwa barabara imeshuka sm 10 ghafla, kama kwenye ukingo wa shimo. Springi ya tairi katika modeli hutoa mara moja kani ya N 50,000 kuelekea chini. Uzito wote wa robo ya basi, bodi na gurudumu pamoja, ni N 27,700 tu, na mbinyo wa tairi chini ya uzito huo ni sm 5.5. Tairi halisi likiishatanuka kwa sm 5.5 huacha kuigusa barabara, na kani yake huwa sifuri. Tairi la modeli, kinyume chake, huendelea kulivuta gurudumu chini kwa kani ya ziada ya zaidi ya N 22,000, kana kwamba limegundishwa kwa lami. Grafu haionyeshi dalili yoyote ya jambo hilo. Gurudumu linaonekana kuifuata barabara kwa uaminifu, na mtafiti anaweza hata kuliandika kuwa ni mshiko mzuri.

Marekebisho yake ni bloku tatu. Uzito wa N 27,700 hujumlishwa kwenye kani ya tairi. Jumla hupitishwa katika bloku ya kikomo isiyoruhusu thamani kushuka chini ya sifuri. Kisha uzito huohuo hutolewa ili mihamo iendelee kupimwa kutoka kwenye msawazo. Ikumbukwe kwamba njia ya kupitisha w baada ya integrali, iliyoelezwa juu, haiwezi kutumika pamoja na kikomo hiki, kwa kuwa kikomo kinaidai kani nzima ya tairi mahali pamoja. Basi barabara ya ngazi inapaswa kuachwa, na tuta au shimo lenye mteremko unaojulikana litumike badala yake. Modeli ikiishawekewa kikomo si ya mstari tena. Mizizi ya sehemu ya 4.0 hubakia kweli kwa misogeo midogo tu, lakini hiyo ndiyo hali ya basi lenyewe.

7.0 Mfumo wa Kulinganishia

Shokapu za magari zenyewe si za mstari. Kwa kawaida hukaza zaidi zinapotanuka kuliko zinapobanwa, na tofauti hiyo huweza kuingizwa kwa bloku ya jedwali inayosoma kani kutokana na kasi. Pamoja na hayo, hata bila kwenda mbali kiasi hicho, jaribio moja la mstari linatosha kuonyesha uzito wa suala la ulinganisho.

Chukuliwa kuwa b2 imewekwa kuwa sifuri, ili tairi lisipewe kazi isiyo yake, na b1 imepandishwa kutoka N·s/m 350 hadi 7,000. Thamani hiyo hutoa uwiano wa ufifishaji wa takribani 0.25 kwa bodi na springi yake pekee, kiwango kisicho na ajabu kwa gari la barabarani. Mizizi mipya ya bodi ina sehemu halisi ya 1.06, na muda wa kutulia ni sekunde 3.8. Hakuna kitendeshi, hakuna kidhibiti, wala hakuna umeme uliotumika. Sharti la sekunde 5, ambalo katika mfumo wa awali wa sekunde 36 lilionekana kuwa gumu, limetimizwa na shokapu peke yake.

Tasnifu inayoripoti kwamba kidhibiti chake kimeupunguza muda wa kutulia kutoka sekunde 36 hadi chini ya 5 inaripoti namba za kweli. Lakini katika sekunde hizo zaidi ya 31 zilizookolewa, zote zingeweza kuokolewa na fundi aliyebadilisha shokapu. Mchango halisi wa kidhibiti upo kwenye sharti la pili, la mm 5. Shokapu ya N·s/m 7,000 haiwezi kulitimiza. Inapokabiliwa na badiliko la ghafla la kani, uwiano wa ufifishaji wa bodi wa 0.2 huiacha ipitilize kiwango chake cha mwisho kwa takribani nusu, na kuikaza shokapu zaidi kungepunguza kupitiliza huko kwa gharama ya kumfikishia abiria mishtuko ya barabara. Kitendeshi kinaweza kuukwepa mvutano huo kwa sababu kani yake haifungwi na kasi ya kusogea kwa bodi na gurudumu, kama ilivyo kwa shokapu.

Ulinganisho unaostahili kutetewa mbele ya watahini, kwa hiyo, huanza na mfumo usio na kidhibiti uliosanifiwa vizuri kadiri inavyowezekana, juu ya tuta lenye vipimo vinavyojulikana na tairi linaloruhusiwa kuachana na barabara. Huambatana pia na grafu mbili ambazo mara nyingi hukosekana: ya kani ya u iliyodaiwa na kidhibiti, na ya msogeo kati ya bodi na gurudumu. Ya kwanza huonyesha iwapo kitendeshi cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa na kufungwa chini ya basi. Ya pili huonyesha iwapo bodi ilituliwa kwa kuitumia nafasi ambayo, katika gari halisi, springi ingekuwa imekwisha kugonga mpira wa kizuizi.